Jirani Asiye na Mlango

Sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari afungue ukurasa mpya. Mwalimu, tafadhali andika maneno matatu ubaoni: makao, utambulisho, shahidi. Tutayatumia sana leo.

Somo letu ni juu ya mtu alalaye nje. Mnamwona kila siku. Katika Dar es Salaam mtamkuta Kariakoo, juu ya baraza za maduka, maduka yakisha kufungwa. Mtamkuta karibu na vituo vya mabasi, amejikunja juu ya maboksi yaliyofunguliwa. Mwanza yuko, Arusha yuko, Tanga yuko. Jirani zetu wa Kenya waliwahesabu watu hawa mwaka 2018. Wakawakuta 46,639 katika nchi nzima, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi peke yake. Someni tarakimu hizo kwa sauti pamoja na mwalimu. Tena hao ni wale walioonekana na wenye kuhesabu.

Labda mmoja wenu anasema moyoni, "Hayo ni mambo ya serikali. Mimi nina chumba kimoja na watoto wanne. Nitamsaidia nini?" Swali hilo ni la haki, nami sitawaambieni mumchukue mgeni mkamlaze nyumbani mwenu. Wawezao kufanya hivyo ni wachache. Nitawaelezeni mambo ambayo mtu wa chumba kimoja aweza kuyafanya. Na liko jambo moja ambalo ninyi mnaweza kulifanya vizuri kuliko watu wengi, kwa sababu mmejifunza kuandika. Tutalifikia.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Watu husema, "Mvivu huyo. Angetaka angepanga chumba." Haya, tufanye hesabu. Tumchukue mchukuzi wa mizigo sokoni. Ni mfano tu, lakini mtu yeyote aliyepata kubeba magunia ataona kuwa haujatiwa chumvi.

Tuseme kwa siku moja anapata shilingi 6,000. Anakula kwa mama ntilie mara mbili, shilingi 3,000. Choo, maji ya kuoga, na pesa ya mtu wa kumtunzia begi, shilingi 700. Zinabaki ngapi? Shilingi 2,300. Anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Zidisheni. Mtapata shilingi 59,800. Sasa tuseme kuna chumba cha bei ndogo, mbali kidogo na mji, shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo anaweza kulipa, na pesa ikabaki. Basi kwa nini analala juu ya maboksi?

Ninyi mliopanga mnajua jibu. Mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, tena mkononi. Miezi sita ni shilingi 180,000. Mchukuzi wetu ajinyime miezi mitatu, atakuwa na shilingi 179,400. Bado anapungukiwa shilingi 600! Na katika miezi hiyo mitatu asiugue hata siku moja, mvua ya masika isimharibie kazi, wala mtu asimwibie. Na mtu alalaye nje huibiwa. Akilala fofofo, mfuko hukatwa kwa wembe.

Mtasema, "Aweke pesa yake katika simu." Naam, ni shauri zuri. Lakini hapa Tanzania laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa. Laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Basi anahitaji kitambulisho. Fomu ya kitambulisho hupitia serikali ya mtaa, na pale ofisini ataulizwa: "Unakaa wapi? Nyumba namba ngapi? Nani anakujua?" Hana nyumba, kwa hiyo hana mtaa. Hana mtaa, kwa hiyo hana barua ya utambulisho. Hana barua, hana kitambulisho. Hana kitambulisho, hana laini. Hana laini, pesa yake inalala mfukoni, na mfuko unalala barazani.

Hebu mwalimu asimamishe kidogo, kila mmoja atazame neno la pili ubaoni. Utambulisho. Tukisema "hana makao" tunafikiri anakosa kuta na bati tu. Huyu amekosa pia mtu wa kusema mbele ya ofisi, "Namjua."

Liko shauri jingine linalotolewa kila mara: wakusanywe wote wapelekwe vijijini wakalime. Shauri hilo lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria iliyojulikana sana kwa jina la Nguvu Kazi. Watu walioonekana hawana kazi mijini walikamatwa, wakapakiwa, wakapelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Wazee walio darasani wanakumbuka, waulizeni. Na Kenya sheria yake ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997. Kisha tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha kwetu hapa, ilitoa maoni yake. Ilisema kwamba sheria za kumkamata mtu kwa sababu tu ya kukosa makao au kukosa kazi hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zenye sheria hizo yazipasa kuzibadili. Kwa hiyo mtu akikuambia kulala barazani ni kosa kama wizi, mwambie mambo hayo kwa upole.

Sasa tuje kwetu sisi. Tuanze wapi?

Tuanze na salamu. Msicheke. Mtu alalaye nje hupitwa na watu mamia kwa siku, na wengi humruka kama waruka dimbwi. Kwake huwezi kupiga hodi, maana hana mlango, lakini adabu ni ile ile. Simama upande wa miguu yake, mbali kidogo, umsemeshe. Usimguse mtu aliyelala; huyo huamshwa kwa teke mara nyingi, na ataamka na kurusha ngumi kabla hajakuona. Akiwa mkubwa kwako, shikamoo. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." "Umeamkaje?" Basi, siku ya kwanza yatosha. Siku ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Ukianza na maswali siku ya kwanza, atadhani wewe ni askari au mtu wa kutafuta habari. Na simu yako ya picha iache mfukoni. Kuna watu humpa maskini mkate mmoja na kumpiga picha kumi. Mimi jambo hilo huniudhi, nami nalisema bila kuficha.

Mkisha kuzoeana, muulize ahitaji nini. Muulize! Usimkadirie. Mtu mmoja atakuambia turubai, kwa kuwa mvua ya Machi mpaka Mei haina huruma. Mwingine malapa. Mwanamke atataka sabuni, taulo za kike, na mahali penye mlango pa kuogea. Kama wewe ni mwanamke na una bafu uani, hilo laweza kuwa kubwa kwake kuliko sahani ya wali. Mwingine atasema hataki kitu, ila umpe simu dakika tano ampigie dada yake. Mpe, usimame kando asikusikilizishe shida zake. Lakini usiwapigie watu wa kwao kwa siri, hata kama nia yako ni njema. Wengine walitoka kwao kwa sababu ya kupigwa. Wengine walimwahidi mama kwamba watarudi na bati la nyumba, na hawajapata hata msumari mmoja, na aibu hiyo ni yao, waache waishughulikie wenyewe.

Je, pesa? Watu wengi huuliza. Maoni yangu ni haya: mtu mzima mpe pesa au usimpe, kama ulivyo na uwezo, wala usimpangie matumizi. Wewe mshahara wako nani anakupangia? Mtoto ni jambo tofauti, tutalizungumza.

Wenye duka, sikilizeni. Mtu wa nje hupoteza karatasi. Cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba, kadi ya hospitali, vyote huloa au huibiwa pamoja na begi, na kuvipata upya ni kazi ya miezi. Kama duka lako linafungwa kwa kufuli, sanduku moja la bati juu ya rafu laweza kuweka karatasi za watu watano, kila moja katika bahasha yenye jina la mwenyewe. Haligharimu chochote.

Na wenye nyumba, nanyi sikilizeni. Kama una chumba cha uani, mkubalie mtu mmoja alipe mwezi kwa mwezi, au juma kwa juma. Andikianeni mkataba, na kila akilipa mpe risiti. Najua mwenye nyumba ana hofu yake. Anaogopa mpangaji atahama usiku na deni. Lakini rudini kwenye hesabu yetu: mchukuzi yule alishindwa na miezi sita, hakushindwa na mwezi.

Sasa tumefika kwenye kalamu. Mmejifunza kuandika barua. Wengi wenu mlianza hapa hamjui kuandika hata majina yenu, na mnajua jinsi inavyokuwa kusimama mbele ya karani na fomu usiyoweza kuisoma. Basi, baada ya kumjua mtu wenu kwa majuma kadhaa, kama anataka, mwandikieni barua ya kumjulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Naisoma polepole, nanyi mfuateni katika kitabu.

"Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Mimi ni mkazi wa mtaa huu, nyumba namba 14. Ninamfahamu aliyeleta barua hii. Ni mchukuzi wa mizigo hapa sokoni tangu mwaka juzi. Hana chumba. Hulala katika baraza ya duka la nafaka, na mwenye duka anajua. Ninamwona kila siku ya kazi. Anaomba kutambuliwa ili aweze kujaza fomu ya kitambulisho. Niko tayari kuja ofisini kuulizwa."

Chini mtaweka jina la mwandishi, sahihi, tarehe na namba ya simu. Jina la mchukuzi liandikwe lote, kama lilivyo katika vyeti vyake ikiwa anavyo.

Tazameni mambo mawili katika barua ile. La kwanza, mwandishi hakusema, "Ni mtu mwema sana." Hawezi kujua. Alisema yale aliyoyaona kwa macho yake. Hiyo ndiyo maana ya neno la tatu ubaoni, shahidi. La pili, hakusema, "Anakaa nyumbani kwangu." Mtashawishika kuandika hivyo kwa huruma. Msiandike. Uongo ukigundulika, barua yake haitasomwa tena, na yako vilevile. Ukweli kwamba analala barazani si aibu ya kufichwa. Ndiyo shida yenyewe anayoileta ofisini.

Tena msichanganye shahidi na mdhamini. Shahidi husema ajuayo, kisha amemaliza. Mdhamini hujifunga kulipa au kuleta mtu akitakiwa. Mkipewa karatasi ya kutia sahihi, someni kwanza mjue ni ipi kati ya hizo mbili. Ndiyo faida ya kusoma.

Barua msimpe aende nayo peke yake. Nendeni naye. Mtu mwenye nguo chafu huambiwa "njoo kesho" mara saba. Akifuatana na mkazi anayejulikana, hukaribishwa kiti. Haifai kuwa hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Mwenyekiti aweza kukubali, aweza kutaka kumwona mwenye duka kwanza, aweza kukataa. Akikataa, ulizeni kwa adabu ni kitu gani kinachopungua, mkiandike, mrudi nacho. Kuandikishwa kitambulisho cha taifa mara ya kwanza hakulipiwi. Na kama fomu inaulizia mambo ya wazazi, mahali pa kuzaliwa, shule aliyosoma, kaeni naye kivulini mkumbuke pamoja kabla ya kwenda, maana mtu akiulizwa kwa haraka husahau hata mwaka wake.

Ugonjwa nao una njia yake. Mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, na usiku anatoka jasho, na anakonda, mpelekeni zahanati apimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, Tanzania na Kenya pia, ila lazima azimeze kwa miezi, bila kuacha. Hapo jirani ana kazi ya kumkumbusha kila siku, "Umemeza?" Kwa magonjwa mengine, katika hospitali ya serikali ulizeni ofisa wa ustawi wa jamii. Yeye ndiye awezaye kumchunguza asiye na uwezo na kumpa msamaha wa malipo. Watu wengi hawajui kuwa ofisa huyo yupo. Hufika dirishani, huambiwa bei, huondoka.

Mtu asemaye peke yake barabarani ni mgonjwa, kama mwenye homa alivyo mgonjwa. Msimzomee, wala watoto wasimrushie mawe. Akianguka kifafa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kijiko mdomoni. Povu lake haliambukizi. Kisha apelekwe hospitali, kwa maana kifafa kina dawa.

Sasa watoto. Kwanza majina. Msiwaite chokoraa. Mtoto akiitwa hivyo miaka mitano, hujiita hivyo mwenyewe. Mtoto mdogo anayeomba kwenye taa za barabarani, mpe chakula ale hapo hapo, na si sarafu, kwa sababu mara nyingi sarafu huchukuliwa na mkubwa aliye nyuma ya ukuta. Lakini chakula peke yake hakitoshi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtu yeyote katika jamii, akijua haki ya mtoto inavunjwa, ana wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mahali pale. Mtu yeyote, maana yake wewe. Mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18. Waweza kwenda kwa mtendaji wa mtaa au kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Waweza pia kupiga simu namba 116, hailipiwi. Andikeni namba hiyo: moja, moja, sita. Usimchukue mtoto wa mtu ukamfungia nyumbani kwako, hata kwa wema. Mtoto hupokewa kwa njia ya sheria, ili ajulikane alipo, na wazazi wake watafutwe.

Nimebakiza jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, linashinda mengi niliyoyasema, nalo ni msaada unaotangulia. Mtu hafiki barazani kwa siku moja. Mara nyingi mlikuwepo siku alipoondoka nyumbani. Mume amekufa, arobaini haijapita, na shemeji wamekuja na gari kuchukua vitanda, na mjane anaambiwa arudi kwao. Majirani wanasimama milangoni wamefumbata mikono. Wanasema, "Mambo ya ukoo hayo."

Siku ile ndiyo siku ya kusaidia. Mwambieni asitie sahihi karatasi yoyote ambayo hajasomewa. Msomeeni. Andikeni orodha ya vitu vilivyomo na vilivyochukuliwa, pamoja na tarehe na majina ya walioona. Karatasi za nyumba, cheti cha ndoa na cheti cha kifo ziwekwe mahali salama. Kisha mpelekeni kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na kazi yao ni kuwaongoza bure wasio na uwezo. Na kama mume yu hai, kumbukeni kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hawezi kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Wako wanawake waliolala stendi na watoto kwa sababu hakuna aliyewaambia sentensi hiyo moja.

Sasa ni kazi yenu. Mwalimu ataizima redio. Kaeni wawili wawili. Mmoja awe mkazi, mwingine awe mtu asiye na makao, na mkazi aandike barua kama ile tuliyoisoma, kwa kuuliza maswali na kusikiliza majibu. Kisha badilishaneni. Mwalimu azisome chache kwa sauti, na darasa litazame: je, kuna jambo lililoandikwa ambalo mwandishi hakuliona kwa macho yake? Baada ya hapo jadilianeni swali hili: katika mtaa wenu, nani analala nje, na ni nani kati yenu anayelijua jina lake?

Juma lijalo, siku na saa kama hii, tutasoma mkataba wa kupanga chumba, neno kwa neno. Mwenye mkataba nyumbani aje nao. Kwa herini.